Plagi za pichi tatu kwenye vero moja: kukunja pini, kutoboa, kuvuta waya au kuchonga bodi?

FundiWaChuno (Mtwara Mjini)

Wakuu, habari za jioni.

Nimeletewa mashine ya kutotolea vifaranga kutoka Newala, bodi yake ya kuongozea imekufa. Panya aliifanya kitanda, na akaikojolea hapo hapo. Njia za shaba zimeliwa mpaka ubao unaonekana. Bodi ya aina ile sijaipata, Kariakoo nimeulizia wamenipa za aina nyingine kabisa. Nimeamua kuunda yangu kwa Arduino Nano (kibodi kidogo cha kuprogramu) juu ya vero, ule ubao wenye matundu tayari na mistari ya shaba chini. Programu iko tayari, mezani inashika nyuzi 37.7 bila kuyumba.

Kilichonikwamisha ni plagi. Mashine ina nyaya zake za kiwandani, zimefungwa vizuri, sitaki kuzikata. Kihisi cha joto na unyevu kina plagi ya pini 4, ukiiweka juu ya vero unaona kama inakaa, ukisukuma inakataa. Feni ina kaplagi ka pini 2, zimebanana. Hita ina plagi nene ya sehemu tatu, ya katikati tupu. Vero yangu ni ya mistari, pichi yake (umbali wa tundu hadi tundu) ni milimita 2.54 kama vero zote za mjini hapa.

Naona njia kadhaa: kukunja pini ziingie kwa nguvu, kutoboa matundu mapya, kulehemu vipande vya waya kati ya konekta na bodi, au kuachana na vero nichonge bodi yenyewe. Kuna na ya kutupa plagi zote niweke pini za kawaida, zile za plagi nyeusi.

Ipi imewadumia? Nauliza iliyodumu, iliyowaka siku ya kwanza naijua. Huku kwetu hewa ina chumvi, na ndani ya mashine hii ni mvuke mtupu. Mwenye mashine nimemtumia huu uzi, ataongezea.

MzeeWaRisasi (Lindi)

Kabla hujachagua njia, pima. Na usipime kati ya pini mbili, jicho litakudanganya. Pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya mwisho, halafu gawanya kwa idadi ya nafasi. Pini 4 zina nafasi 3. Vijana wengi wanagawanya kwa 4, wanapata namba isiyokuwepo duniani, kisha wanalaumu kalipa, kile kipimo cha milimita.

Hiyo ya kihisi nakuhakikishia ni konekta ya aina inayoitwa XH. XH ya kweli pichi yake ni 2.50. Wauzaji wa mtandaoni wanaiandika "XH2.54" na watu wanaamini. Mimi mwenyewe niliwahi kununua mfuko mzima kwa duka moja la mtandaoni, lebo imeandikwa 2.54. Za pini 2 na 3 ziliingia kwenye vero kama siagi, nikasema poa. Nilipokuja kuweka ya pini 10 nikakuta ya kwanza imeingia, ya mwisho imesimama juu ya ukingo wa tundu. Hesabu yake: nafasi 9 mara 2.50 ni 22.50, vero inataka 22.86. Hapo umepishana 0.36.

Yaani 0.04 kwa nafasi moja haionekani, lakini inajilimbikiza. Kwa pini zako 4 tofauti yote ni 0.12, ukiigawa pande mbili kila pini ya pembeni inahama 0.06. Hiyo siyo shida, isukume tu. Mpaka pini 5 au 6 mimi nasukuma. Zaidi ya hapo naacha.

Dogo_Mikindani

Shikamoo mzee.

Mimi zote nakunja, hata hizo ndogo. Ile ya feni bila shaka ni aina ya PH, pichi 2.0. Kwa pini mbili kila mguu unautoa nje robo milimita hivi (0.27 kama unataka hesabu). Unashika kwa koleo la mdomo mwembamba, unakunja, unanyoosha tena ncha ishuke wima. Nimefanya nyingi kwenye taa za sola, zinawaka hadi leo.

MzeeWaRisasi

Marahaba kijana. Kwa pini mbili nakubali. Kwa pini nne za PH kila mguu wa pembeni unahama 0.81, na hapo ndipo plastiki inapopasuka chini bila wewe kujua. Halafu inakuwa ugonjwa wa "ukiigusa inawaka, ukiiacha inazima".

Ukikunja, koleo lishike mguu chini kabisa karibu na plastiki, mkunjo uanzie chini ya koleo. Na kabla ya kulehemu chomeka plagi jike juu. Nailoni ikipata moto inalainika na pini zinalala. Plagi jike ikiwemo inazishikilia wima mpaka zipoe.

FundiWaChuno

Asante mzee. Nimepima sasa hivi kwa kalipa:

Kihisi, pini 4: 7.5 kamili. Ni XH kweli.
Feni, pini 2: 2.0.
Hita, ya kwanza hadi ya tatu: 7.9 na kidogo.

Hiyo ya hita imenichanganya. Matundu manne ya vero ni 7.62. Inakaribia!

Nachi_Elektro (Nachingwea)

Hiyo ya hita ni aina ya VH, pichi 3.96, mara mbili ni 7.92. Kwenye vero unapishana 0.30 tu, yaani 0.15 kila upande. Hapo ndipo watu wanaponaswa, maana macho yanasema itaingia, na kweli itaingia ukipanua tundu.

Ila angalia unene wa pini. Pini ya VH ni milimita moja na ushei, tena ya mraba, kwa hiyo kona kwa kona inataka tundu la karibu 1.7. Mstari wa shaba wa vero una upana wa kama milimita 2. Ukitoboa 1.7 pale kati, shaba inayobaki pembeni ni nyembamba kama ukucha wa mtoto. Ukilehemu mara moja sawa. Mteja akichomoa na kuchomeka mara tano, shaba inang'oka kwenye ubao.

Kwa hiyo kama utaiweka VH kwenye vero, usiitegemee shaba ya vero kwa chochote. Tundu liwe la kushikilia tu. Chini, waya mnene ulehemiwe moja kwa moja kwenye mguu wa pini, uende kwenye rilei, ile swichi ya kuwasha hita inayoendeshwa na Nano.

Dogo_Mikindani

Kaka hita ya mashine ndogo ina ampea ngapi mpaka tuogope hivyo?

Nachi_Elektro

Swali zuri, na hapa watu wengi wanakosea hofu. Hita ya wati 200 kwa umeme wa volti 230 haifiki ampea 1. XH inabeba 3, PH inabeba 2, VH inabeba 10. Kwa ampea, hata PH ingetosha!

Tatizo ni volti. PH imewekewa kikomo cha volti 100. Na vero ya mistari, kati ya mstari na mstari hakuna hata milimita moja. Weka umeme wa ukutani kwenye mistari miwili jirani, ongeza mvuke wa mashine, ongeza manyoya ya vifaranga yaliyotua juu yake, halafu subiri. Itaanza na kijinjia cheusi kama mchoro wa penseli. Siku moja kinawaka.

Ndiyo maana kiwanda kiliacha pini ya katikati tupu. Hawakufanya ubahili. Wametaka umbali kati ya laivu na nyutro, nyaya mbili za umeme wa ukutani. Kwa hiyo hata ukiiweka kwenye vero, mistari miwili ya katikati ibandue shaba yote. Ipashe moto kwa chuma cha kulehemu, inua kwa ncha ya kisu, inatoka kama utepe. Mimi upande wa umeme mkubwa siachi chini ya milimita 3 kati ya laivu na nyutro, na 6 au zaidi kutoka hapo mpaka upande wa volti 5.

Mama_Kuku_Newala

Habari zenu jamani. Mashine ni yangu.

Mambo ya milimita siyajui, ila niwaambie ninavyoitumia. Kila nikimaliza kutotoa nachomoa kila kitu naosha, maana maganda na uchafu vikibaki mayai yanayofuata yanaharibika. Kwa hiyo plagi zinachomolewa kila baada ya siku 21. Tena anayeosha ni binti yangu, na usiku mara nyingi anarudisha yeye.

Mashine niliyokuwa nayo kabla ya hii, fundi aliiwekea zile plagi nyeusi zinazoingia pande zote mbili. Binti akageuza. Kihisi kikaungua na mashine ikadhani kuna baridi, ikawasha hita usiku kucha. Ilikuwa siku ya 18, mayai tumeshaacha kuyageuza tunasubiri tu. Asubuhi nilifungua mlango nikasikia joto la jikoni. Sijapata hata kifaranga kimoja.

Kwa hiyo Fundi wa Chuno, mtakachokubaliana sawa, mradi plagi isikubali kuingia kinyume.

FundiWaChuno

Pole sana dada, hukuniambia hiyo.

Basi wazo la kuweka pini za kawaida limekufa hapa hapa. XH, PH na VH zote zina umbo la upande mmoja.

MzeeWaRisasi

Pole mama. Na nawaongezea vijana: zile plagi nyeusi, mbali na kugeuka, hazina jino la kushika. Baada ya kuchomolewa mara kadhaa zinalegea. Kwa kujaribia mezani hazina mpinzani, kwa kazi ya mteja nimeziapia.

Na programu pia ilitakiwa ikikosa kihisi izime hita na ipige kelele. Angalia hilo kwenye Nano yako.

FundiWaChuno

Hilo nimeliweka leo, mzee. Kihisi kisipojibu sekunde 10, hita inazima na king'ora kinalia.

Chogo_Haifi (Masasi)

Wakuu mnahangaika na VH wakati mafundi TV tumezilundika uvunguni. Tafuta TV ya chogo iliyokufa. Kwenye bodi yake, pale waya wa umeme unapoingia na pale koili ya nyuma ya kioo inapochomekwa, mara nyingi kuna konekta nene za aina hiyo, nyingi katikati tupu hivyo hivyo.

Usiing'oe. Kata kipande cha bodi kwa msumeno wa chuma, konekta ikiwa juu yake, sentimita tatu kwa tatu. Shaba ya pale ni pana, tundu ni la saizi yake, umbali umeshahesabiwa na kiwanda. Toboa matundu mawili ya skrubu, kifunge ndani ya boksi, lehemu nyaya zako nyuma. Vero haihusiki tena na umeme mkubwa. Nimefanya hivyo kwenye mizani, stebilaiza, mashine ya popcorn.

Chukua kipimo kwanza, siyo zote ni 3.96. Na kabla ya kugusa bodi ya chogo hakikisha kapasita kubwa imeisha umeme, ile hukaa na volti zaidi ya 300. Mimi naimaliza kwa taa ya balbu, siyo kwa bisibisi. Bisibisi yangu ya kwanza ina pengo hadi leo.

Nachi_Elektro

Hii nimeikubali kuliko yangu. Na rilei iwe kibodi chake peke yake, kile chenye skrubu, siyo kwenye vero.

Ukikutana na konekta ya skrubu ya 5.00 usiogope, kwenye vero unahesabu 5.08, za njia mbili au tatu zinaingia. Ile ya 3.5 ndiyo inawatoa watu jasho, na dawa yake ni kuiweka mshazari. Tundu hadi tundu la kona kwenye vero ni 3.59. Kwa njia mbili inakaa, ingawa inaonekana imelewa.

Dogo_Mikindani

😂 Imelewa.

Kwa PH ya feni mnasemaje, nikunje au nivute waya? Wengine wanauza vibodi vya kugeuza 2.0 kwenda 2.54, mimi nilivitumia kwenye moduli za WiFi za ESP-12 maana nazo ni 2.0. Vinafanya kazi ila kuagiza kibodi kwa ajili ya pini mbili za feni naona ni kuua mbu kwa rungu.

MzeeWaRisasi

Pini mbili, kunja. Ila kwa mashine hii ambayo binti atavuta kila siku 21, mimi ningevuta waya. Lehemu nyaya mbili za sentimita nne kwenye miguu ya PH, funika kila mguu kwa mpira unaosinyaa kwa moto, halafu konekta yenyewe igandishe kwenye ukingo wa boksi. Nyaya zikifika kwenye vero usizilehemu moja kwa moja. Toboa tundu pembeni, waya upite chini kisha urudi juu, ndipo uulehemu. Mtu akivuta, anavuta ubao, havuti risasi ya kulehemia.

Gundi ya bunduki usitumie ndani ya mashine yenye joto na mvuke, inabanduka nzima nzima kama ganda la kidonda. Tumia ile ya mirija miwili. Na silikoni inayonuka siki ikae mbali na bodi, ule unukaji ni asidi, unakula shaba. Nimefungua redio ya boti pale Lindi, mwenyewe aliipaka silikoni ili maji yasiingie. Maji hayakuingia kweli. Chini ya silikoni kulikuwa na unga wa kijani tu.

Steshenari_Boy (Mtwara)

Samahani nachelewa. Kwa nini hamsemi chochote kuhusu kuchonga bodi? KiCad, programu ya kuchorea bodi, ni bure na konekta zote hizi zimo na pichi zake zimeandikwa kwenye jina, unachagua ya P2.50mm au P2.00mm au P3.96mm, hesabu za kukunja zinaisha. Feri kloraidi, dawa ya kula shaba isiyotakiwa, mtu akitoka Dar anakubebea.

FundiWaChuno

Kaka nilijaribu mwaka jana kwa kazi nyingine. Mchoro niliuhamishia kwenye shaba kwa karatasi ya gazeti la kung'aa, printa ya leza na pasi ya nguo. Bodi ilitoka safi kabisa, nikaisifia mpaka kwa jirani. Konekta hazikuingia hata moja.

Steshenari_Boy

Hahaha, najua kilichotokea maana ndiyo kazi yangu. Kompyuta ya dukani ilipunguza ukurasa ili uenee kwenye karatasi. Inapunguza kidogo sana, asilimia 3 au 4, barua haionyeshi tofauti. Bodi inaonyesha.

Chora mstari wa milimita 100 pembeni ya mchoro, mwambie wa dukani achape asilimia 100, kisha upime mstari kwa rula kabla hujalipa. Halafu zisimamishe konekta zenyewe juu ya karatasi, pini zitoboe pale penye nukta. Zikikaa kwenye karatasi zitakaa kwenye shaba.

Nachi_Elektro

Kwa mashine moja mimi sichongi. Ukiagiza China wanakuletea angalau 5, na wewe una mteja mmoja. Ila kama mashine za aina hiyo ni nyingi Newala na Tandahimba, fikiria. Msimu wa korosho ukiwa mzuri watu wananunua mashine hizi, na panya hawapungui.

MzeeWaRisasi

Sikubaliani hapo. Hata kwa mashine moja, bodi iliyochongwa ina faida ya fundi anayekuja baada yako. Akifungua anaona njia, anafuata kwa macho. Vero yenye nyaya za kuruka ni siri ya aliyeitengeneza, akihama mji imekufa.

Nachi_Elektro

Mzee, mashine inasubiriwa wiki hii. Achore karatasi aibandike ndani ya mfuniko. Fundi wa kesho atasoma.

MzeeWaRisasi

Achore basi. Kwa kalamu ya wino usiofutika, mvuke utaila ile ya kawaida.

FundiWaChuno

Mrejesho wakuu, baada ya siku nne.

XH ya kihisi nimeisukuma moja kwa moja kwenye vero, pini 4, plagi jike ikiwa juu kama mzee alivyosema. Imesimama wima, ukiitikisa unatikisa ubao mzima.

PH ya feni kwanza niliikunja, nikataka kumwonyesha mzee kwamba inatosha. Nikachomeka na kuchomoa mara ishirini hivi nikiangalia kwa lenzi. Mara ya kumi na kitu niliona mstari wa shaba wa upande mmoja unapumua, unainuka kidogo nikivuta, unarudi nikiacha. Nimeitoa, nimevuta waya, gundi ya mirija miwili, imeachwa ikauke usiku.

VH nimeipata kwa fundi TV jirani, chogo ya inchi 14. Kipande nimekata kikubwa kuliko lazima kwa uoga. Rilei iko kivyake, vero haina umeme mkubwa hata kidogo. Mashine inazunguka tangu jana mchana bila mayai, ndoo ya maji ndani, joto linacheza kati ya 37.5 na 37.8. Nimechomoa kihisi kwa makusudi, hita ikazima na king'ora kikalia mpaka jirani akauliza kuna nini.

Kimoja kilinipiga chenga. XH ya kihisi na soketi ya swichi ya kugeuzia mayai nilizitaka zote za pini 4, zimekaa jirani. Nilitaka kulehemu nikagundua zinabadilishana! Haziingii kinyume, lakini hii inaingia kwenye nyumba ya ile. Ya swichi nimeibadilisha iwe ya pini 3.

Chogo_Haifi

Hapo umemwokoa binti. Makosa ya namna hiyo hata viwanda vinayafanya.

Mama_Kuku_Newala

Asante fundi, na asanteni nyote. Nakuja Alhamisi na basi la asubuhi. Ile ya feni niwekee alama ya rangi, binti aione hata kwa tochi ya simu.

FundiWaChuno

Imeshawekwa dada. Nyekundu, rangi ya kucha ya mke wangu. Chupa bado hajaitafuta.